UZI: Ulanzi unaharibika siku ya pili, kabichi iliyochachushwa inakaa miezi. Tujadili sayansi yake

#1 KimeaChaUlezi (Uyole)

Wakuu kamwene, ugonile, na wa Songea mambo vipi.

Kila msimu kelele ni ileile. Kabichi zinajaa Uyole na Mbalizi mpaka zinamwagwa, nyanya za Ilula zinaiva zote kwa mpigo bei inashuka mpaka mkulima anaona bora aziache shambani, alafu miezi michache mbele tunazinunua hizohizo kwa bei ya kuruka. Ukiuliza dawa ni nini kila mtu anakwambia friji na vyumba vya baridi, umeme wenyewe ndo huu. Mi nataka tuongelee kuchachusha, maana bibi zetu walikua wanahifadhi hivyo bila waya wowote.

Najua nikisema kuchachusha huku nyanda za juu mtu wa kwanza anawaza komoni, kimpumu na ulanzi. Hapo ndo tunapopotea, kwasababu pombe zetu ni mfano mbaya kabisa wa kuhifadhi chakula. Chukua ulanzi. Mgema anakata ncha ya chipukizi la mwanzi wakati wa masika, anafunga mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia), asubuhi na jioni anapita kukusanya na kukata tena kidogo ili kidonda kisizibe. Kinachodondoka ni maji matamu, ule mtogwa hata mtoto anakunywa, ila hamira ya porini imeshaingia humo, ingine inatoka kwenye mbeta yenyewe ambayo imetumika juzi na jana, kwahiyo kufika jioni inatoa povu na kesho yake una mkangafu, yani ulanzi mkali. Kilevi chake kinacheza kwenye asilimia 5 hivi. Asilimia 5 ya alkoholi haimzuii mdudu yeyote wa maana, ili alkoholi ihifadhi kitu peke yake inabidi ufike kama 20 na hamira nyingi zinakufa kabla hazijafika huko. Kwahiyo siku inayofuata wanakuja bakteria wengine wanaopenda hewa, wanaichukua ile alkoholi wanaigeuza siki, na wewe unamwaga.

Sasa weka togwa, ule uji mwepesi wa kuchachusha, pembeni yake. Hakuna kilevi cha kukuhangaisha, kuna uchachu tu, na uchachu ndo mlinzi. Bakteria wa asidi ya laktiki, haohao wanaogandisha maziwa, wanachukua glukosi moja wanaikata vipande viwili vya asidi ya laktiki bila kutumia hewa. Faida wanayopata ni ndogo mno, ATP 2 tu (ATP ndo sarafu ya nguvu ndani ya seli) kwa glukosi moja, wakati kiumbe anayepumua oksijeni anapata karibu 30. Kwa sababu faida ni ndogo inabidi wakate sukari nyingi na haraka, na kila wanachokata kinabaki humo kama asidi. Na nguvu yote ambayo wao hawakuichukua inabaki kwenye chakula, unakuja kuila wewe. Ndo maana chakula kilichooza kinakua hasara, ila kilichochachuka vizuri kimepoteza kidogo sana.

Kipimo cha uchachu ni pH. Maji safi ni 7, na ukishuka namba moja uchachu umeongezeka mara 10. Namba ya kukariri ni 4.6, chini ya hapo yule bakteria wa botulizimu, ambaye sumu yake ni katika sumu kali kuliko zote zinazojulikana, hawezi kuota. Togwa iliyolala vizuri iko chini ya 4. Kabichi ikikomaa iko kama 3.5. Kwa mtazamo wangu mchezo mzima ni mbio: wachachushaji wafike chini ya 4.6 kabla waozeshaji hawajajipanga, chumvi na kuzuia hewa ni kuwasaidia wachachushaji waanze mbele.

Karibuni, wenye uzoefu mwageni.

#2 MgemaMstaafu

Uzi mzuri ila umeanza kwa kuutukana ulanzi mkuu, huku Iringa tutakufungia barabara hapo Mafinga 😂

#3 MamaNtilie_Tukuyu

Ndaga fijo kaka kwa somo. Mi sijasoma sana hayo ya ATP naomba uniambie kabichi nafanyaje, mana mie na mgahawa na kachumbari inanilalia kila siku namwaga. Na je lazima siki? Nilidhani achari ni siki tu na pilipili.

#4 KimeaChaUlezi

Dada achari ya siki ni kitu kingine, pale unamwaga asidi iliyotengenezwa kiwandani juu ya mboga. Huku asidi inatengenezwa na mboga yenyewe, ww kazi yako ni chumvi na subira.

Toa majani ya nje yaliyochafuka lakini usiikoshe kabichi ya ndani kama unafua nguo, wale bakteria unaowataka wanakaa kwenye majani. Katakata nyembamba, pima. Kilo 1 ya kabichi iliyokatwa weka chumvi gramu 20, ni kama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kidogo. Usikisie hapa, ikipungua inakua laini na kuoza, ikizidi sana hata wachachushaji wanashindwa na hailiki. Chumvi ya madini joto tunayouziwa madukani inafaa, haina shida. Alafu fikicha kwa mikono, fikicha kweli, mpaka mkono uume na uone kabichi imelegea inang'aa na maji yanachuruzika ukiikamua. Usiongeze maji kwanza, chumvi inavuta maji toka ndani ya jani lenyewe na hayohayo maji yamebeba sukari ambayo bakteria wataila.

Shindilia kwenye chupa pana au ndoo ya plastiki ya chakula mpaka maji yapande juu yafunike kabichi yote, weka jani zima juu kisha kitu kizito kisafi, mfano mfuko mdogo wa nailoni safi uliojaa maji ya chumvi. Kinachochungulia nje ya maji ndicho kitakachoota ukungu. Mfuniko usikaze, siku za mwanzo gesi inatoka nyingi na chupa ya kioo iliyokazwa inaweza kupasuka.

Kinachotokea humo ni kupokezana. Wanaanza jamii ya Leuconostoc, hao wanatoa asidi kidogo na kabonidayoksaidi nyingi, ile gesi inafukuza hewa. Wakishachachusha kiasi wanashindwa wenyewe na ule uchachu wao, wanapokea akina Lactobacillus plantarum wenye uvumilivu zaidi na hao ndo wanaoshusha pH mpaka chini. Na hapa nyanda za juu tuna bahati ambayo Dar hawana, joto zuri la hiyo kazi ni nyuzi 18 mpaka 22. Dar kwenye nyuzi 30 wale wa pili wanaruka foleni, inachachuka haraka lakini inalegea na ladha inakua kali ya upande mmoja. Mbeya mjini, Njombe, Makete, sebule yako tu inatosha, wiki 3 au 4 imeiva, mwezi wa sita na wa saba ipe zaidi. Ikishaiva isogeze sehemu ya baridi zaidi, isitoke kwenye maji yake, inakaa miezi.

#5 KijanaWaSoweto_Mby

Yani mnataka tule kabichi iliyooza kisa wazungu wanakula? Umaskini mwingine tunajitafutia

#6 KimeaChaUlezi

Mkuu maziwa mgando unakunywa? Togwa? Basi umeshakula sana tu. Na sio wazungu peke yao, Wakorea wana kimchi, na ile desturi yao ya kukusanyika familia na majirani kuitengeneza iliandikishwa UNESCO 2013. Ila kwa kuwa umetaja wazungu acha nikupe kisa. James Cook kwenye ile safari yake ya 1768 mpaka 1771 alibeba kabichi ya kuchacha kwenye meli ili mabaharia wasipate kiseyeye, ule ugonjwa wa kukosa vitamini C, fizi zinatoa damu. Mabaharia walikua na mdomo kama wako, hawaitaki. Yeye hakuwalazimisha, akaamuru iwekwe kila siku kwenye meza ya maofisa na wengine waachiwe uhuru. Wiki haikuisha wote wakawa wanaitaka.

#7 DogoWaMaabara

Wakuu naomba nichangie kidogo, mi nasoma haya mambo.

Hii habari ya pombe kugeuka chachu ndio iliyozaa sayansi yenyewe. 1856 huko Lille Ufaransa mwenye kiwanda cha kutengeneza alkoholi kutoka kwa viazisukari alienda kwa Louis Pasteur kulalamika mapipa yake yanachachuka badala ya kutoa kilevi. Pasteur akaweka majimaji kwenye hadubini, kwenye mapipa mazuri akaona hamira za mviringo, kwenye yaliyoharibika akaona vijiti vidogo sana. Mwaka uliofuata, 1857, akachapisha andiko la uchachu wa laktiki, kwamba ni kazi ya kiumbe hai. Wakemia wakubwa wa wakati huo walikua wanaamini ni kitu kinaoza tu chenyewe kwa kemia.

Kinachochekesha, baadae Eduard Buchner Mjerumani akaonyesha kwamba hata wale wakemia hawakukosa kabisa. Alisaga hamira pamoja na mchanga akakamua juisi isiyo na kiumbe hai. Ile juisi ilikua inaharibika haraka, kwahiyo wakaongeza sukari nyingi ili IHIFADHIKE, kama mtu anavyotengeneza jemu. Ikaanza kutoa mapovu! Yani sukari inageuka alkoholi na hamira hakuna, ni vimeng'enya vyake tu. Hiyo 1897, na 1907 akapewa Nobel ya kemia. Kwahiyo ukiweka kimea (nafaka iliyooteshwa) kwenye uji mzito na ukalegea palepale kabla hata haujachachuka, ni jambo hilohilo, kimeng'enya cha amilesi kwenye kimea kinakata wanga, hakihitaji mdudu.

#8 MgemaMstaafu

Sasa hapo dogo umenena. Swali langu ulanzi ukishakua siki naweza kuuza kama siki au namwaga? Maana huku masika ukizidi hata nguruwe wanaukataa

#9 KimeaChaUlezi

Inawezekana, Ufilipino wana siki ya tembo la mnazi na ni biashara kubwa. Ila mkuu usiachie tu dumu wazi useme nimetengeneza siki. Bakteria wa siki anahitaji hewa nyingi, kwahiyo chombo kiwe kipana, funika na kitambaa safi inzi wasiingie, wiki kadhaa. Na tatizo lipo kwenye hesabu: kilevi chako ni 5 tu, ukikigeuza chote kwa ufanisi wa ajabu unapata asidi asilimia 5 hivi, na hakuna ufanisi wa ajabu. Kiungo cha saladi sawa, ila usiitegemee kuhifadhia mboga bila kupima. Vipande vya karatasi za pH vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya maabara, sio ghali.

#10 KakaoKyela

Mmetusahau wa Kyela. Sisi kakao tunaichachusha na hatuli hata punje. Unapasua tunda, mbegu zina ule ute mweupe mtamu, unazijaza kwenye sanduku la mbao unafunika na majani ya migomba, siku 5 mpaka 7 unageuza geuza. Hamira zinakula ute, inatoka alkoholi, ukigeuza hewa inaingia wanakuja hao wa siki, na hapo linawaka, ukiweka mkono katikati ya lundo unautoa haraka, inafika nyuzi 45 hadi 50. Joto na asidi vinaiua mbegu isiote na ndani yake vinaanza kutengenezeka vitu ambavyo baadae wakikaanga ndo inanukia chokoleti. Mnunuzi anakata mbegu kwa kisu katikati, akiona ndani ni rangi ya kijivu imekaza anajua umeanika bila kuvundika na bei inaanguka hapohapo. Kuna watu wanakimbilia kuanika wapate hela ya haraka alafu wanalalamika bei.

#11 ChaiMufindi

Na sisi huku kiwandani tuna hatua ya kuchachusha chai, majani yakishakatwa yanatandazwa mpaka yabadilike toka kijani kua kahawia. Ni hao bakteria?

#12 DogoWaMaabara

Hapana mkuu, hiyo mmezoea kuiita hivyo tu. Majani yakikatwa seli zinapasuka, kimeng'enya cha jani lenyewe kinakutana na polifenoli na oksijeni ya hewani, rangi inabadilika. Ni kama parachichi inavyogeuka nyeusi ukiikata. Bakteria hawana kazi pale, na ndo maana mnaikausha kwa joto kali kusimamisha.

#13 MuuguziNjombe

Naomba tusisahau watoto. Togwa na uji wa kuchachusha sio mambo ya kizamani. Wilbald Lorri wa Taasisi ya Chakula na Lishe na mwenzake Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha 1994 kwamba watoto wadogo hapa Tanzania waliokua wanakula uji uliochachushwa kwa laktiki waliharisha mara chache kuliko waliokula usiochachushwa. Sababu mojawapo ndo hiyo ya pH. Mama anapika uji asubuhi, anaenda shamba, uji unakaa mpaka jioni. Uji wa kawaida kwenye ule uvuguvugu ni kitalu cha vijidudu vya kuhara. Uliochachuka, wanakwama. Na kimea kinafanya uji uwe mwepesi hata ukiweka unga mwingi, kwahiyo mtoto mwenye tumbo dogo anapata chakula zaidi kwa kikombe kilekile.

LAKINI jamani. Uchachu hauondoi sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu wa nafaka. Nasikia watu wanasema mahindi yaliyoota ukungu "hayo tupeleke kwenye komoni" au kimea chenye ukungu wa kijani kinasagwa tu. Sumukuvu haifi kwa kupika wala hutakiwi kuitegemea iondoke kwa kuchachuka. 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu. Nafaka yenye ukungu ni ya kutupa, na ukiotesha kimea kianike kikauke haraka, huku kwetu na ukungu wa asubuhi wa mwezi wa tano mtu anakianika siku nzima hakikauki.

#14 MamaNtilie_Tukuyu

Nimeshaweka ndoo yangu wakuu. Leo juu kuna utando mweupe mwembamba umejikunja kunja, harufu ni ya chachu tu sio mbaya. Nimwage?

#15 KimeaChaUlezi

Usimwage dada. Huo utando mweupe bapa ni aina ya hamira inayopenda hewa, haina madhara ila ukiiacha inakula asidi na kupandisha pH juu juu, uondoe na kijiko, safisha kingo za ndoo na hakikisha kabichi imezama. Tofautisha na ukungu wenye manyoya wa kijani, mweusi au waridi, huo ukiuona umetapakaa mwaga yote, usijifanye unakwangua juu. Na kama kabichi yenyewe inateleza kama mlenda au inanuka uozo, mwaga. Pua yako kwa hapa inatosha kabisa.

#16 MkulimaIlula

Me nataka niweke maharage mabichi na nyanya kwenye chupa za kioo nazichemsha zikiwa zimefungwa, naona watu wanafanya youtube. Hii si rahisi kuliko kusubiri wiki 4?

#17 DogoWaMaabara

Mkuu nyanya na maharage usiziweke kapu moja. Nyanya zina asidi zake, ziko karibu na 4.6, zingine chini zingine juu kidogo, wanaojua wanaongeza ndimu au siki ndo wanachemsha. Maharage asidi yake ni ndogo mno, na mbegu za yule bakteria wa botulizimu hazifi kwenye maji yanayochemka, zinataka nyuzi 121 kwenye chombo cha presha. Na sisi huku juu ndo tuko vibaya zaidi, kwenye mita 1,700 kama Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hata hiyo 100 hatuifikii. Ukifunga chupa umefukuza hewa, na yule bakteria anapenda pasipo na hewa, umemjengea nyumba. Maharage mabichi yachachushe kwenye maji ya chumvi au anika. Usiyafunge kwenye chupa.

#18 MkulimaIlula

Duh. Asante sana, nilikua nshanunua chupa

#19 NgombeWaRungwe

Mnaongelea kabichi za kilo mbili, mi naongelea tani. Saileji, yani malisho ya ng'ombe yaliyochachushwa, ni kitu hichohicho na kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huku ndo kimetuokoa. Masika majani yamejaa hujui uyapeleke wapi, kiangazi mwezi wa tisa ng'ombe anakutazama tu na maziwa yameshuka. Mahindi unayavuna punje ikiwa imeanza kuwa ngumu lakini ndani bado kuna uji mzito, mmea mzima na bua lake, unakatakata sentimita 2 mpaka 3, unashindilia. Kushindilia ndo kila kitu, tunakanyaga au tunaviringisha pipa lililojaa maji, kila tabaka. Alafu nailoni, udongo juu, unaacha siku 21 na kuendelea. Ukifungua inanukia siki siki tamu, rangi ya kijani inayoelekea njano. Hakuna chumvi wala nini, sukari ya mahindi inatosha.

#20 MuuguziNjombe

Kaka na ikiwa imetoka nyeusi yenye harufu kama ya tumbaku?

#21 NgombeWaRungwe

Hiyo ilipata joto dada, hewa ilibaki ndani haikushindiliwa. Ng'ombe anaweza kuila na kuipenda tu lakini protini imeungua, haimsaidii. Mbaya zaidi ni ile inayonuka siagi iliyoharibika, hiyo ulivuna ina maji mengi, wakaingia bakteria wengine. Ukiikamata mkononi ukaikamua na maji yanachuruzika, hujaiacha ikanyauka.

#22 KimeaChaUlezi

Hii ya saileji nilikua nataka mtu aje aiseme, mana inaonyesha ni uchachu tu unaofanya kazi, sio chumvi wala mapishi. Mkuu ukishafungua shimo unakaa nalo muda gani?

#23 NgombeWaRungwe

Lisipofunguliwa hata mwaka. Ukifungua, hewa imeingia, hamira zinaamka zinakula asidi na linaanza kupata joto, kwahiyo fungua upande mmoja tu, kata kwa wima toka juu mpaka chini, chukua ya siku hiyo rudisha nailoni. Kama una ng'ombe wawili usichimbe shimo, tumia mifuko mizito ya nailoni ya kilo 40 au 50 ili ukifungua mmoja uishe ndani ya siku mbili tatu. Na panya, jamani panya. Katundu kamoja tu kwenye mfuko na umepoteza wote, mi naiweka juu ya chanja na paka analala hapohapo.